ULIZA FUNDI: Unataka kufundisha watu kufunga dishi? Hesabu madishi kwanza

Toleo lililopita tulijibu kiswali kidogo tu cha kijana wa Temeke aliyekua anauliza akajifunzie wapi kufunga dishi, kumbe tumechokoza nyuki. Meseji zilizoingia toka hapo nyingi sio za wanaotaka kujifunza, ni za wanaotaka kufundisha, vikundi vya vijana, wenye maduka ya vifaa, walimu, mpaka shehe mmoja na mchungaji mmoja (kila mtu kaandika kivyake, msije mkasema wameungana). Sishangai. AFCON ya 2027 inachezwa Kenya, Uganda na Tanzania, kila mwenye kibanda umiza sahivi anapiga hesabu zake, na toka mitambo ya analojia ianze kuzimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012 hakuna mtaa usiojua king'amuzi ni nini. Kazi ipo. Basi leo ukurasa wote ni wa kozi, majina tumeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana huku Mbagala, tuko 30. Tumepata mchango wa mfadhili na tunataka kuandaa kozi ya wiki moja ya kufunga madishi kwa vitendo. Ukumbi wa ofisi ya kata tumeshapewa, projekta ipo na kuna fundi mmoja mzoefu amekubali kufundisha. Tuanzie wapi ili mambo yaende vizuri?

JIBU: Marahaba katibu, hongereni. Ila hebu rudia kusoma ulichoniandikia. Umetaja ukumbi, umetaja projekta, umetaja watu 30, dishi hujataja hata moja. Kozi nyingi zinafia hapohapo, watu 30 wamelizunguka dishi moja, fundi kashika spana, wawili wa mbele wanaona, waliobaki wote wanaangalia mgongo wa fundi, Ijumaa wanapewa vyeti na picha ya pamoja inapigwa, alafu Jumatatu ukimpa mmoja wao dishi akufungie kwako anakuuliza "mkuu hii inaangalia wapi?"

Mimi kanuni yangu ni watu watatu kwa dishi moja na hapo siongezi mtu. Mmoja anashika spana, mmoja anasoma kipimo, mmoja anaandika kwenye daftari walianzia wapi na wameishia wapi, alafu wanabadilishana. Madishi manne ni watu 12. Nyie mko 30, basi fanyeni awamu tatu za watu kumi kumi, na hela mliyopanga kupambia ukumbi hamishieni kwenye bomba, saruji, waya na konekta. Projekta irudisheni tu, labda nusu saa ya asubuhi ya kwanza.

Na msianzie juu ya paa. Tafuteni rimu chakavu za gari, simamisheni kipande cha bomba la chuma katikati, urefu mita moja na nusu hivi, mwageni zege. Hiyo ndo nguzo yenu ya mazoezi, inabebeka, leo uwanja wa shule kesho nyuma ya msikiti, na mtu akikosea anakosea miguu ikiwa chini. Uwanja wenyewe kakague kabla ya siku, upande wa magharibi na kaskazini uwe wazi. Satelaiti ya Azam iko juu ya longitudo ya nyuzi 7 mashariki na Dar yenyewe iko 39, kwahiyo ukiwa Dar unaitafuta magharibi, dira inasoma kama 281, na unainua kama digrii 52. Mwembe wa mita kumi ukisimama upande huo ndani ya mita nane kutoka kwenye dishi lako basi umeshakuziba, utashinda hapo mpaka jioni ukimlaumu fundi. Ile ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, karibu kabisa na utosi wetu, kutoka Dar unainua digrii 81. Ndo maana madishi ya huku yanaonekana kama yanaomba mvua.

Sasa hapa kuna kitu ambacho wakufunzi wengi hawakisemi na wanafunzi wanateseka nacho. Satelaiti ikiwa juu hivo, kuzungusha dishi kulia kushoto hakubadilishi sana, ukizungusha nguzoni digrii kumi kule angani umesogea kama digrii moja na nusu tu, shughuli yote iko kwenye kuinua na kushusha. Ile ya 7 mashariki digrii kumi hizohizo zinakusogeza kama sita, umeshaipita zamani. Wape vijana wajaribu zote mbili, wazungushe kwa mkono wao waone tofauti, hiyo haifundishiki kwa projekta.

Siku ya kwanza nzima iwe ya nguzo na waya. Nguzo isiposimama wima kwa pimamaji, tena umepima pande mbili sio moja, kila ukizungusha dishi na mwinuko unabadilika, unakua unatafuta kitu kinachokukimbia. Siku ya pili ndo mnaanza kutafuta. Dishi la sentimita 90 linaona kipande kidogo sana cha anga, ukisogeza ukingo wake milimita nane tu umeshatoka digrii moja na mawimbi yanakufa, na king'amuzi nacho kinachelewa sekunde moja mbili kuonyesha. Kijana anazungusha haraka, anapita juu ya satelaiti bila kujua, anaenda mpaka mwisho anarudi, anapita tena. Kwahiyo wimbo wa siku hiyo uwe: sogeza kidogo, toa mkono, hesabu mpaka tatu, tazama. Na waambie wasidanganyike na mstari wa nguvu kwenye skrini, huo unaweza kupanda hata dishi likiwa linaangalia ukuta kwasababu unaonyesha LNB (kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi) iko hai tu, anayesema ukweli ni mstari wa kwaliti.

Siku ya tatu LNB. Kwa hapa Dar ukiitafuta ile ya 7 mashariki LNB inatakiwa izungushwe digrii 70 na kitu kutoka pale iliposimama, yaani inakua kama imelala ubavu, na kijana aliyeangalia video za Ulaya atakubishia kabisa kwamba umeiweka vibaya. Mwache abishe, mwambie aizungushe yeye mwenyewe huku mwenzie anasoma kwaliti.

Siku ya nne ndo naipenda kuliko zote, siku ya kuharibu. Asubuhi kabla hawajafika mkufunzi anapita kwenye kila dishi anaweka ugonjwa. Hapa unyuzi mmoja wa wavu wa waya umeachwa unagusa shaba ya katikati ndani ya konekta, pale LNB imezungushwa, kule nguzo imelazwa kidogo, kwengine kwenye menyu king'amuzi kimeambiwa LNB ni 5150, ile ya madishi makubwa, wakati iliyofungwa ni ya 9750 na 10600, ya madishi madogo, au disek (kile kifaa cha kuunganishia LNB zaidi ya moja) imechomekwa tundu namba mbili na menyu inasema namba moja. Kila kikundi kinapewa maltimita na hakiambiwi kitu. King'amuzi kikiwa kimewashwa kwenye ncha ya waya unatakiwa kukuta volti 13 au 18, huzikuti basi tatizo liko huku chini, unazikuta basi panda juu. Wakitibu ugonjwa mmoja wanahamia dishi la jirani. Kazi ya mtaani nusu yake ni hii, mteja anakuita dishi lishafungwa na mtu mwingine na limegoma.

Siku ya tano kila mtu peke yake. Mkufunzi analegeza boliti zote, anazungusha dishi anavyotaka, mwanafunzi anatafuta mpaka picha. Bila kusaidiwa. Asiyeweza anarudi awamu ijayo na cheti hapewi, hata kama ni mtoto wa mwenyekiti.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ni mwalimu hapa Mwanza. Tulitengeneza jedwali la digrii kutoka kwenye makala za mtandaoni za mafundi wa Dar, siku ya mazoezi vijana wakaelekeza dishi la nyuzi 36 kaskazini magharibi kama lilivyosema jedwali, tukahangaika mpaka mchana bila picha. Dishi ni bovu au?

JIBU: Mwalimu, dishi zima kabisa, jedwali ndo la kwa watu. Dar iko nyuzi 39 na kidogo mashariki, yani satelaiti ya 36 iko magharibi yao. Mwanza iko kama 33, kwahiyo kwenu satelaiti hiyohiyo iko mashariki! Dira inasoma kama 51, kaskazini mashariki, na mwinuko ni digrii 85, karibu utosini kabisa. Ile ya 7 mashariki ndo inabaki magharibi, dira 275, mwinuko unakaribia 60.

Wape vijana hesabu wenyewe badala ya jedwali, programu za simu zipo za bure, anaingiza mahali alipo anapata namba zake. Ila dira ya simu waitumie wakiwa mbali na mabati na mbali na nguzo yenyewe, hatua kadhaa, wachore mstari ardhini kwa chaki au kamba alafu ndo warudi kwenye dishi. Nimeona mtu amebandika simu kwenye bomba la chuma anasoma kaskazini. Na kabla hamjanunua mabano muangalie skeli ya mwinuko inaishia wapi, mengine hayafiki huko juu mnakotaka kwenda na mtaanza kulaza nguzo, tukirudi kulekule kwa nguzo iliyopinda. Kumbuka pia madishi haya ya mfuniko, yale LNB yake inakaa kwa chini, uso wake unaangalia chini zaidi ya pale linapolenga kwa digrii 20 na ushee, kwahiyo soma skeli ya bano, usiweke pimamaji usoni mwa dishi.

SWALI: Mambo kaka. Nina duka la vifaa vya umeme Morogoro mjini, vijana wa chuo wameniomba niwauzie vifaa vya kozi kwa mkopo na mimi niwapangie orodha. Sitaki waje waseme nimewabambika. Wanahitaji nini hasa?

JIBU: Poa dada yangu, na ubarikiwe kwa kuuliza kabla ya kuuza. Kwa kikundi kimoja cha watatu: dishi moja la sentimita 80 au 90 na LNB yake ya kawaida ya Ku (mawimbi ya madishi madogo), king'amuzi kimoja cha chaneli za bure, sio lazima cha kulipia, tivii ndogo hata ile ya nchi 19 iliyochoka, spana namba 10 na namba 13 mbili mbili, pimamaji, bisibisi, kisu cha waya, koleo ya kubana konekta, maltimita. Ile satfainda (kipimo cha kutafutia satelaiti) ya mshale inayolia wawe nayo moja kwa kozi nzima, iletwe siku ya tatu, sio kabla. Ukimpa siku ya kwanza anajifunza kusikiliza mlio, na mlio unalia kwa satelaiti yoyote hata isiyo yake. Kama wana hela ya dishi moja la futi 6 kwa ajili ya C-band (mawimbi ya madishi makubwa) sawa, wenye vibanda umiza na mahoteli bado wanayatumia, lakini moja linatosha wote.

Kinachoisha haraka ni konekta na waya. Mwanafunzi anaharibu konekta nyingi kabla hajafunga moja nzuri, na ndo anavyotakiwa, kwahiyo wauzie kwa mfuko na uwape bei ya jumla. Waya hapo ndo penye kubambikwa. RG6 nyingi za bei chee katikati ni chuma kilichopakwa shaba, chukua sumaku ukwangue ncha uiguse, ikinata ujue ni chuma. Sio kwamba haifai kabisa, mawimbi yanapita juu juu ya ngozi ya waya, ila ule umeme unaopanda kuilisha LNB unapungua njiani waya ukiwa mrefu, na ncha ikikwanguka kwenye hewa yenye unyevu inashika kutu. Wauzie zote mbili, kipande cha hii na kipande cha ile, na sumaku juu. Hapo umewafundisha na wewe umeuza.

Usisahau tepu ile ya mpira inayojishika yenyewe, sio ya plastiki ya fundi umeme, ile jua la Morogoro linaifungua mapema tu. Waya ukiingia dirishani waufanyie kitanzi kwa chini ili maji yadondokee nje.

SWALI: Kamwene fundi. Mimi ni dada wa miaka 24 niko Iringa, nimesikia kuna kozi inaandaliwa na kanisa letu lakini wameandika "vijana wa kiume" kwasababu ya kupanda paa. Ni kweli hatuwezi?

JIBU: Kamwene dada. Spana namba 13 haijui imeshikwa na nani. Waandaaji hao waambie wafute hilo neno, na kama wana wasiwasi wa paa basi dawa yake ni ngazi nzuri, mkanda wa usalama na suruali kwa kila mtu, maana hata hao wanaume wanapanda na kandambili. Tena kibiashara wanajinyima. Mchana nyumba nyingi yuko mama peke yake na watoto, na wapo kina mama wengi tu ambao fundi akiwa dada wanamfungulia mpaka chumbani apitishe waya, akiwa kaka wanamwambia asubiri baba arudi. Waandaaji nao waweke muda wa kueleweka, saa tatu mpaka saa tisa, mtu awahi kurudi nyumbani. Wakikataa kabisa nenda chuo cha VETA hapohapo mkoani uulize kozi fupi za elektroniki, fomu zao hazibagui.

SWALI: Salaam aleikum ndugu. Niko Likoni, Mombasa. Tunataka kuanzisha mafunzo ya vijana wa pwani lakini nyumba nyingi za huku na hoteli ni za makuti, na vyuma haviishi kushika kutu. Pia wengine wanasema madishi ya TV yamepitwa, tufundishe Starlink tu. Waonaje?

JIBU: Aleikum salaam ndugu yangu. Makuti usiyaguse kabisa, hayana pa kushika boliti, upepo wa kusi ukija unalipeleka dishi kwa jirani. Kwahiyo kozi yenu itilie mkazo nguzo ya ardhini, shimo, zege, na waya uliozikwa ndani ya bomba la plastiki ili jembe lisiukate. Hizo rimu nilizomwambia katibu wa Mbagala kwenu zinafaa mara mbili. Chumvi haina dawa ya moja kwa moja, boliti zipakwe grisi kabla ya kufungwa, sio baada, konekta zifungwe tepu ya mpira mpaka juu ya shingo, na mfundishe vijana kurudi kwa mteja kukagua, hiyo ni kazi ya kulipwa pia. Hapo mna bahati, kutu mnayo tayari, wakusanyieni mabano yaliyooza wajifunze kuyafungua bila kuvunja.

Starlink ilifunguliwa Kenya Julai 2023 na kweli dishi lake linajitafutia lenyewe, halihitaji mtu wa kuhesabu digrii. Lakini nguzo halijisimamishii, waya halijipitishii, na linataka anga wazi kuliko hata la TV kwasababu satelaiti zake zinapita, hazikai sehemu moja kama hizi zetu zilizo kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Mnazi mmoja tu unakukatia simu ya video. Kwahiyo ongezeni nusu siku ya hiyo, msiache ya TV. Kijana aliyejua kusimamisha nguzo wima na kufunga konekta isiyoingiza maji huyo hata CCTV na mitandao ya hoteli anaingia. Kwa upande wa vyeti kwenu kuna NITA, wana mitihani yao ya ufundi ya gredi, fundi wenu wa kufundisha awe nayo, itawafungulia milango kwenye hoteli.

SWALI: Habari fundi, mimi nimefunga madishi miaka mingi hapa Dodoma bila cheti chochote, nimejifunza kwa marehemu mjomba. Sasa nimeombwa nifundishe kozi ya kata lakini mratibu anasema lazima niwe na cheti, na anataka tuwape vijana vyeti vyenye nembo ya VETA. Nifanyeje?

JIBU: Pole na mjomba. Mratibu nusu yuko sawa nusu anawatafutia kesi. Cheti chako kinapatikana, VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, mtu anapimwa kile anachokijua na mikono yake bila kurudishwa darasa la kwanza, nenda ofisi yao ya kanda uulize fani ya elektroniki wanapima lini. Ukitoka hapo mdomo wa mratibu unafungwa.

Ila kubandika nembo ya VETA kwenye vyeti mlivyochapa stesheneri bila wao kujua, hapana. Nyie toeni barua ya kuhudhuria na nyuma yake muandike kwa mkono huyu amefanya nini: kasimamisha nguzo, kafunga konekta, kapata satelaiti fulani peke yake. Mwenye duka la ving'amuzi akiisoma hiyo anaelewa kuliko nembo. Mkitaka kuwa chuo kabisa hiyo ni habari ya usajili, mnaenda NACTVET, baraza linalosajili vyuo vya ufundi, na sio kitu cha wiki moja. Alafu vijana wakishaanza kufanya biashara wajue TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana leseni ya kufunga na kutengeneza vifaa vya mawasiliano, na kampuni za ving'amuzi zinasajili mafundi wao zenyewe, kwahiyo siku moja ya kozi muite mtu wa TCRA aje aeleze masharti mwenyewe. Wakialikwa kwa barua mapema wanakuja.

SWALI: Fundi, huku Bukoba mvua na radi haziishi. Tumepanga kozi mwezi wa nne kwasababu ndo ukumbi upo wazi. Kuna shida? Na siku ya paa tufanyaje mtu asije akaanguka?

JIBU: Shida ipo, tena kubwa. Ukanda wa Ziwa Victoria ni katika sehemu zinazopigwa radi sana na mwezi wa nne mko katikati ya masika. Mvua nzito yenyewe tu inakata mawimbi ya Ku, kijana anakua amelenga vizuri kabisa lakini kwaliti inashuka, anaanza kuharibu alichopatia. Sogezeni mwezi wa sita mpaka wa nane kukiwa kukavu. Mkishindwa, fanyeni asubuhi, na ngurumo ya kwanza ikisikika kila mtu anaacha bomba anaingia ndani, hata kama kwaliti ndo imefika 80. Nguzo za kudumu zifungwe waya wa ethi kwenda kwenye chuma kilichozikwa, na wateja waambiwe kuchomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi radi zikianza, sio umeme peke yake.

Paa nalo. Hiyo ni siku ya sita mkiweza kuiongeza, na iwe nyumba ya chini yenye mabati mazima. Watu wawili kwa mara moja, wa tatu anashika ngazi na hana ruhusa ya kuchezea simu. Mkanda ufungwe kwenye kenchi, usifungwe kwenye dishi. Kanyaga penye mstari wa misumari, chini yake kuna mbao. Usipande asubuhi na umande. Na kabla ya ngazi haijaegeshwa angalieni waya za TANESCO ziko wapi, pigeni picha kichwani bomba likiponyoka likaanguka litafika wapi, likifika kwenye waya basi nyumba hiyo sio ya mazoezi. Hapa ndo watu wanapokufa kwenye kazi hii, sio kwa kuanguka tu. Mwekeni na mtu wa huduma ya kwanza, ulizieni watu wa Msalaba Mwekundu au hata nesi wa zahanati, mlipeni nauli akae nanyi.

SWALI: Vijana wangu wanasema kozi bila kufundisha kufungua chaneli za kulipia bure haina maana. Niwafundishe?

JIBU: Usiwafundishe. Kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na ukiitwa polisi hawatamuita kijana, watamuita aliyeandaa kozi. Na kibiashara pia ni ujinga, ile michezo ya kuchakachua ikizimwa siku ya fainali mteja anakuja kwako na watu wake. Anayetaka hiyo mrudishie hela yake.

SWALI: Swali langu la mwisho mwisho fundi, mimi ni mtendaji wa kijiji wilaya ya Kahama. Wanakozi tuwalipe posho? Mkufunzi tumlipe vipi? Na madishi yakibaki baada ya kozi ni ya nani?

JIBU: Mtendaji, posho kwa wanafunzi hapana. Ukitangaza posho siku ya kwanza utawapata watu wa posho, nao watakaa mpaka ya mwisho watie sahihi. Wachangie wao, hata kidogo, hata kwa mafungu, na hela hiyo wanairudishiwa kwa konekta na waya wanaoshika mkononi. Chakula cha mchana ndio, wali maharage uwanjani hapohapo, maana mtu akienda kula kwao harudi. Wa mbali msaidieni bodaboda.

Mkufunzi mlipeni kwa mafungu mawili, nusu akianza, nusu siku ya mtihani baada ya wanafunzi kutafuta peke yao mbele yenu wote. Sio kumdharau, mwambieni mapema na muandikishane, fundi anayejiamini haogopi hilo. Na msimpe kazi ya kununua vifaa. Kununua iwe kazi ya mtu mwingine mwenye risiti.

Madishi muyaandike kwenye daftari la mali ya kijiji kabla hata ya kozi kuanza, kila moja na namba yake kwa rangi mgongoni, hapo ugomvi unakua umeisha kabla haujaanza. Mawili yakae na rimu zake kwa ajili ya awamu ijayo. Mawili mengine wapeni vijana wawili wawili waliofaulu, kwa mkopo wa makubaliano, wayafunge kwa wateja wao wa kwanza na warudishe hela ya vifaa kidogo kidogo. Wakitaka mtaji zaidi halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, lakini wanataka kikundi kilichosajiliwa chenye akaunti ya benki. Kwahiyo katiba ya kikundi waandike wiki ya kozi jioni, wakiwa bado wote wako hapo.